Van de Graaff: Jamaa Aliyeunda Volti Milioni kwa Mkebe na Utepe, na Stima Haikumuua

Kama unakaa Isiolo, hii ishu unaijua. Kuanzia Juni upepo unapiga, vumbi inajaa kila mahali, hewa inakauka hadi midomo inapasuka. Usiku unavua sweta ya nailoni, unaskia tra-tra-tra, na kama stima imepotea unaona vicheche kwa giza. Unashuka kwa gari, unashika mlango, kidole kinachapwa. Unaruka, mabeshte wanacheka, maisha inasonga.

Sasa shika hii. Hicho kicheche kilichokuchapa kwa mlango wa gari ni volti elfu kadhaa. Chini ya volti 3,000 hivi hata huwezi kukiskia. Plagi ya nyumbani ni volti 240 peke yake, na hiyo ndiyo inapeleka watu mochari. Mbona kikubwa kinakuchekesha na kidogo kinakuzika?

Kuna msee aliyetumia maisha yake yote akicheza na hilo swali. Alifikisha volti milioni, kisha mamilioni, na mashine yake ya kwanza aliiunda na vitu vya dukani. Kama ulifanya fizikia sekondari, jina lake ulilipata kwa kitabu, pembeni ya ile picha ya mpira wa chuma na mtu nywele zimesimama wima. Anaitwa Robert Jemison Van de Graaff. Leo tunapiga risto yake, na tukimaliza utajua ni stima gani ya kuchezea na ni gani ya kukimbia.

Boma ya mabro wa mpira

Robert alizaliwa tarehe 20 Desemba 1901, mji wa Tuscaloosa, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Tusidanganyane, hii si stori ya hasla aliyelala njaa. Buda yake alikuwa mtu wa sheria, na nyumba aliyozaliwa ni jumba kubwa lililojengwa na Robert Jemison, tajiri na mwanasiasa aliyemiliki watumwa. Jumba hilo limesimama Tuscaloosa hadi leo.

Hapo kwao sifa haikuwa vitabu. Ilikuwa mpira. Si huu wetu, ni ile ya Wamarekani ya kushika mpira kwa mkono na kugongana kama ng'ombe. Mabro zake watatu wakubwa, Adrian, Hargrove na William, wote walichezea Chuo Kikuu cha Alabama. William walimuita Bully, na mwaka wa 1915 akawa mchezaji wa kwanza kabisa wa Alabama kuingia timu ya mastaa wa nchi nzima. Kuna hekaya maarufu kwamba katika mechi moja sikio lake liliraruka likabaki linaning'inia, na Bully akataka kulivuta litoke kabisa ndio aendelee kucheza. Hiyo ndiyo boma Robert alilelewa.

Na yeye alijaribu, lakini mpira ukamkataa. Aliumia vibaya akiwa bado kijana, na maumivu ya mgongo yakamfuata maisha yake yote. Mabro walibaki na uwanja, yeye akabaki na mashine.

Alisomea uinjinia wa mitambo hapo hapo Alabama, akapata digrii ya kwanza 1922 na ya pili 1923. Kisha akaajiriwa Alabama Power, kampuni ya stima. Hebu fikiria: digrii mbili, kazi safi, mshahara unaingia. Wengi wetu tungetulia hapo. Yeye alikaa kama mwaka hivi, akatoka.

Paris, Oxford na kiu ya volti

Mwaka wa 1924 alivuka bahari hadi Paris, akaingia Sorbonne. Huko alikaa darasani akimskiza Marie Curie, mama aliyebeba Nobel mara mbili. Ni wakati ambao dunia ya sayansi ilikuwa imechizi kuhusu atomu. Kila mtu alitaka kujua ndani kuna nini.

1925 akapata skolashipu ya Rhodes ya kwenda Oxford, Uingereza, na akamaliza udaktari wa fizikia 1928. Kipindi hicho jina kubwa lilikuwa Ernest Rutherford, yule aliyegundua kiini cha atomu. Mwaka wa 1927 Rutherford alisimama mbele ya wanasayansi London akasema wazi anatamani risasi zenye nguvu kuliko zile asili inatoa. Alimaanisha chembe ndogo sana zinazorushwa kwa kasi ili zigonge kiini cha atomu na kukifungua.

Ili kurusha hizo chembe kwa kasi, unahitaji volti nyingi. Mamilioni. Na wakati huo hakuna aliyekuwa na volti milioni tulivu za kutumia kwa kazi kama hiyo. Matransfoma yalikuwa makubwa, ghali, na yanaruka cheche ovyo.

Robert akajiuliza mbona watu wote wanapigana na matransfoma, na kuna stima ya zamani kushinda zote: ile ya kusugua, ya sweta na chanuo. Watu walikuwa wameichezea tangu enzi za Wagiriki. Ilionekana kama mchezo wa watoto. Yeye akaona daraja la kufika kwa atomu.

Mkebe, utepe na mota ndogo

Mwaka wa 1929 alirudi Marekani, Chuo Kikuu cha Princeton. Hapo ndipo akaunda ya kwanza. Vifaa: mkebe wa bati, mota ndogo, na utepe wa hariri wa kununua dukani, ule wa kufunga zawadi. Hicho kitu kikatoa volti 80,000.

Inafanyaje? Wacha tuiweke kiswahili rahisi. Kuna mkanda unaozunguka kati ya rola mbili, moja chini, moja juu ndani ya mpira wa chuma. Chini, mkanda unapakiwa chaji. Unapanda nayo juu. Kule juu kuna kitana cha chuma kinachoipakua na kuipeleka kwa mpira. Mkanda unashuka ukiwa mtupu, unapakia tena. Safari baada ya safari, kama bodaboda inayobeba mitungi ya maji kupeleka kwa tangi.

Utamu uko hapa. Chaji za aina moja hazipendani, zinasukumana. Zikifika kwa mpira wa chuma zote zinakimbilia nje, kwa ngozi ya mpira, ili zikae mbali mbali. Ndani kunabaki hakuna kitu. Fikiria lori la Moyale ambalo abiria wote wamepanda juu ya mizigo na ndani ni wazi: konda anaweza kuendelea kuita watu waingie tu. Ndio maana mkanda unaendelea kupakua bila kuzuiwa, hata kama nje tayari kumejaa.

Mwisho wake ni upi? Hewa. Hewa kavu inavumilia kama volti 30,000 kwa kila sentimita, halafu inapasuka na unaona cheche. Mpira ukiwa mkubwa na laini, stima inatawanyika na hewa inavumilia zaidi. Kona kali, kucha, vumbi, kitu chochote chenye ncha, stima inatorokea hapo. Ndio sababu hizo mashine zote ni za duara.

Na hewa yenye unyevu inaiba chaji kabla haijajikusanya. Kwa hivyo mashine ya Van de Graaff itapata taabu Mombasa, lakini Isiolo mwezi wa nane iko nyumbani kabisa.

Dola 90, volti milioni moja na nusu

Mwaka wa 1931 akaunda ya maana: mipira miwili ya chuma, kila mmoja upana wa sentimita 60, imesimama juu ya miguu ya kioo yenye urefu wa mita 2 hivi. Mmoja ulipata chaji chanya, mwingine hasi, kila mmoja ukifika volti 750,000. Jumlisha: milioni 1.5 kati ya hiyo mipira. Mikanda ilikuwa bado ni hariri. Gharama yote ilikuwa karibu dola 90, na stima ya kuiendesha ilitoka kwa soketi ya balbu ya kawaida.

Novemba mwaka huo huo aliionyesha New York, kwa dina ya kuzindua Taasisi ya Fizikia ya Marekani. Wanasayansi wamevaa suti, sahani mezani, na huyu kijana wa Alabama anawapigia cheche za volti zaidi ya milioni moja. Usiku huo jina likashika.

Bosi wake wa Princeton, Karl Compton, alikuwa ameshaitwa kuongoza Massachusetts Institute of Technology, maarufu kama MIT. Alimbeba Robert akaenda naye. Connection ni muhimu, hata kwa sayansi.

Maabara ndani ya mpira wa stima

Sasa ikaja ndoto kubwa. MIT haikuwa na nafasi ya kutosha. Lakini kulikuwa na tajiri mmoja, Colonel Edward Green, mtoto wa Hetty Green, mama aliyejulikana Marekani nzima kwa utajiri na ubahili. Mama alibana, mtoto akamwaga. Colonel alikuwa na shamba la kifahari la Round Hill, kando ya bahari Massachusetts, na ndani yake kulikuwa na jengo kubwa la kuegesha ndege za puto. Akawaachia wanasayansi.

Humo ndani Robert na timu yake wakasimamisha mipira miwili ya aluminiamu, kila mmoja upana wa mita 4.5 hivi, juu ya nguzo kubwa kama ghorofa mbili. Ukijumlisha yote, urefu ni kama mita 12 au 13. Kila nguzo ilikaa juu ya toroli la reli, ili mipira isogezwe karibu au mbali.

Na hii ndiyo sehemu inanibamba: ndani ya hiyo mipira walijenga maabara. Watu waliingia, wakafunga mlango, wakafanya kazi zao na vifaa vyao, na nje ya ukuta wa chuma kulikuwa na mamilioni ya volti yakipiga radi. Hawakuumia. Kumbuka lile lori: abiria wote wako nje, ndani hakuna kitu. Ukiwa ndani ya chuma kilichofunga pande zote, stima inapita nje kwa ngozi inakuacha. Mwingereza Michael Faraday alikuwa ameonyesha hivyo karibu miaka 100 mapema, na Robert akaweka maisha ya watu wake juu ya hiyo kanuni. Hakubahatisha. Alijua.

Tarehe 28 Novemba 1933 wakaionyesha kwa wageni na waandishi wa habari. Namba iliyotangazwa ilikuwa volti milioni 7. Baadaye walipoitumia kwa kazi kamili ilikaa karibu milioni 5, na hiyo bado ni noma.

Adui mkubwa kule ndani unajua alikuwa nani? Njiwa. Jengo lilikuwa wazi, njiwa wanaingia, wanaachilia kinyesi juu ya mipira. Kila tone lililokauka ni kauvimbe, na kila kauvimbe ni mlango wa stima kutorokea. Mashine yenye nguvu hivyo, inasumbuliwa na mavi ya ndege.

Mbio aliyoshindwa

Hapa lazima tuseme ukweli. Lengo la kwanza lilikuwa kufungua atomu, na Robert hakufika wa kwanza. Mwaka wa 1932, kule Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton walivunja kiini cha lithiamu kwa mashine ya volti chini ya milioni moja. Wakati huo mnara wa Round Hill ulikuwa bado unajengwa. Wawili hao wakabeba Nobel 1951. Ernest Lawrence, aliyeunda mashine ya kuzungusha chembe, akabeba yake 1939. Van de Graaff hakuwahi kuipata.

Lakini hakulala. Mashine yake ilikuwa na kitu ambacho zingine zilikosa: volti yake ilikuwa tulivu na unaweza kuirekebisha polepole hadi pale unapotaka. Kwa kazi ya kupima kwa makini, hiyo ni dhahabu. Kwa miongo kadhaa maabara duniani zilitegemea mashine zake kuchunguza viini vya atomu.

Ndio, ni Trump huyo huyo

Mwanafunzi wake wa udaktari pale MIT alikuwa John Trump. Ndio, jina si bahati. Ni anko wa Donald Trump, bro ya baba yake. Huyu John ndiye baadaye, 1943, aliitwa na serikali kupekua makaratasi ya Nikola Tesla baada ya Tesla kufa.

John Trump na Van de Graaff waliitoa mashine kwa maabara wakaipeleka hospitali. Mwaka wa 1937 Boston ikapata mashine ya eksirei ya volti milioni moja ya kutibu saratani. Eksirei za kawaida zilikuwa zinachoma ngozi kabla hazijafika kwa uvimbe ulio ndani. Hizi za volti nyingi zilizama. Kitu kilichoanza na utepe wa zawadi kikaanza kuongezea watu siku za kuishi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Robert aliongoza mradi wa eksirei kali za kukagua vyuma na silaha za jeshi la majini, kuona kama ndani kuna nyufa. Vita ilipoisha, 1946, yeye, Trump na Denis Robinson wakafungua kampuni, High Voltage Engineering Corporation, wakauza mashine dunia nzima. Hata Afrika zilifika: Johannesburg kuna moja ya kampuni hiyo, ya volti milioni 6, ambayo wanasayansi wanaitumia kupima umri wa vitu vya kale.

1936 alikuwa ameoa Catherine Boyden, wakapata vijana wawili. 1960 akatoka MIT ili ashike kampuni vizuri. Mgongo uliendelea kumsumbua. Tarehe 16 Januari 1967 akafariki Boston, akiwa na miaka 65. Karibu miaka 40 alikuwa amefanya kazi na volti ambazo wengi wetu tunaziskia tu kwa radi, na si stima iliyomuua.

Yule ambaye hakurudi

Ukitaka kuelewa kwa nini hilo ni jambo kubwa, mkumbuke Georg Richmann. Huyu alikuwa profesa St Petersburg, Urusi. Mwaka wa 1753 alifunga chuma juu ya nyumba, akakileta ndani ili apime stima ya mawingu. Hakukiunganisha na ardhi. Mvua ya radi ikaja, akaenda kuangalia kipimo kwa karibu. Stima ilimruka kichwani akaanguka hapo hapo, amedede.

Wote wawili walikuwa na akili. Tofauti ni kwamba Richmann alialika stima ambayo hakujua ni ngapi na haikuwa na njia ya kwenda isipokuwa kupitia kwake. Van de Graaff alijua kila wakati chaji iko ngapi, imekaa wapi, na itatokea wapi.

Volti ni urefu, chaji ni maji

Sasa turudi kwa swali la mwanzo. Chukua kifuniko cha soda, jaza maji, mwaga kutoka ghorofa ya 10. Aliye chini atalowa kidogo, atatukana, ataenda. Sasa chukua bowser nzima ya maji, fungua bomba kutoka urefu wa paa la nyumba. Huyo mtu anasombwa.

Volti ni urefu. Chaji ni kiasi cha maji. Kicheche cha sweta kiko juu sana lakini ni kifuniko cha soda. Plagi ni ya chini lakini nyuma yake kuna bowser isiyoisha, inaletwa na Kenya Power kutoka Seven Forks na Turkana. Ampea kidogo sana, kama sehemu 50 za elfu moja, zikipita kifuani zinaweza kusimamisha moyo, na plagi inaweza kutoa mara nyingi zaidi ya hizo.

Mashine ndogo ya shule, yenye mpira upana wa sentimita 30, inaweza kufika volti 200,000. Lakini ukipiga hesabu ya nguvu iliyokaa pale juu, ni chini ya jouli moja. Hiyo ni kama kuinua simu yako kutoka kwa kiti hadi mezani. Inauma, inashtua, haiui mtu mwenye afya.

Ile ya Round Hill ni stori nyingine. Hata ukihesabu volti milioni 2.5 tu kwa kila mpira, kila mmoja ulibeba karibu jouli 800. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo hutoa 200 hadi 360. Ndio maana watu walikaa ndani ya chuma au mbali kabisa.

Ukitaka kujaribu, fanya hivi

Anza na ya bei ya sifuri. Chanuo ya plastiki, sugua kwa nywele kavu au sweta, ilete karibu na maji membamba ya bomba. Maji yanapinda. Hiyo ni fizikia, na haina hatari.

Ukipata mashine ya Van de Graaff shuleni au chuoni, fuata haya:

1. Mwalimu au mtu anayeijua awe hapo. Usiiwashe ukiwa peke yako.

2. Kagua plagi na waya kwanza. Sehemu hatari zaidi ya hiyo mashine mara nyingi si mpira wa juu, ni waya wa volti 240 uliochubuka pale chini.

3. Ukitaka nywele zisimame, panda kwa kiti cha plastiki, weka mkono kwa mpira kabla haijawashwa, usiutoe hadi izimwe na chaji iondolewe.

4. Kabla ya kuigusa baada ya kuizima, ondoa chaji kwa fimbo ya chuma yenye mshiko wa plastiki, iliyounganishwa na waya wa kwenda ardhini.

5. Mwenye shida ya moyo, au aliyewekewa kamashini ka kurekebisha mapigo, asikaribie. Simu na laptopu ziwekwe mbali, zinachomeka.

6. Usiiunganishe na kapasita yoyote, wala ile chupa ya kukusanya chaji iliyofungwa foili. Hapo unabadilisha kifuniko cha soda kuwa ndoo, kisha pipa. Huwezi kuona kwa macho imejaa kiasi gani.

7. Usiiwashe karibu na gesi, petroli au spiriti.

Halafu kuna hizi video za mtandaoni za watu wanafungua maikrowevu kutoa transfoma, ama wanachokora TV za kitambo za mgongo. Hapana. Transfoma ya maikrowevu ina volti 2,000 hivi, kidogo kuliko sweta yako, lakini nyuma yake kuna ile bowser ya Kenya Power. Imeua watu waliojua mambo ya stima kukuliko. Na hizo TV zinashika chaji hata baada ya kuchomolewa. Hakuna views zenye thamani ya hiyo.

Na hii ni ya watu wa jerikeni

Huku kwetu petroli inabebwa kwa jerikeni na chupa kila siku, kupelekea boda na jenereta huko ndani. Sasa skiza. Mvuke wa petroli unahitaji cheche ndogo sana kuwaka, ndogo mara nyingi kuliko ile ya mlango wa gari. Petroli ikimiminika kwa plastiki inajisugua na kutengeneza chaji, vile vile kama mkanda wa Van de Graaff. Jerikeni ikiwa juu ya pikipiki au kwa kitanda cha plastiki cha pickup, chaji haina pa kwenda.

Kwa hivyo weka jerikeni chini, ardhini. Shika kitu cha chuma mbali na petroli kabla hujaanza, ili mwili wako utoe chaji. Pua ya pampu iguse mdomo wa jerikeni, mimina polepole. Na usivue sweta hapo stesheni.

Radi ikianza, kumbuka watu wa Round Hill. Ingia ndani ya gari lenye mwili wa chuma, funga madirisha, usishike chuma. Boda na mti si mahali pa kujificha.

Ile mashine kubwa haikutupwa. Ilihamishiwa MIT mwaka wa 1937, na baadaye ikapelekwa jumba la makumbusho ya sayansi la Boston. Iko hapo hadi leo, inapiga radi ndani ya ukumbi, na anayeiendesha anakaa ndani ya kizimba cha chuma, cheche zinakigonga na yeye anaendelea kubonga na watoto. Robert mwenyewe amepewa kreta mwezini, upande ule hatuuoni kutoka huku, na kwa sababu ni mashimo mawili yameungana, ina umbo la namba 8.